Kuku Wachakure Wapi?

Mwezi Agosti mwaka jana mama yangu alifunga safari kutoka Mvumi kuja mjini Dodoma kunitembelea katika nyumba niliyokuwa nimehamia miezi mitatu kabla. Ni nyumba nzuri. Ina geti la chuma, ukuta wa futi nane, na ua wote umetandazwa pevingi za rangi mbili, kuanzia getini hadi mlango wa jiko, bila hata upenyo wa kupitisha jani la ukoka. Mama aliingia, akasimama katikati ya ua huo akiegemea mkongojo wake, akatazama kulia na kushoto, kisha akaniuliza: “Baba, hapa kuku wachakure wapi?”

Nilicheka. Nikamweleza kwamba mjini mayai hununuliwa dukani. Aliitikia kwa kichwa, ule mtikiso wa wazee wanapoamua kutobishana na mtoto. Kwa siku nne alikaa kwenye kiti cha plastiki akiuelekea ukuta. Siku ya tano aliomba apelekwe stendi. Hakuwa mgonjwa wala hakuwa ameudhiwa na mtu. Alikuwa amechoka kutazama saruji, na mimi, msomi mwenye shahada ya uzamivu, sikuwa na la kumwonyesha badala yake.

Makala haya ni jibu langu la kuchelewa kwa swali lake. Hoja yangu ni kwamba ua wa nyumba, ule wenye udongo, mboga, mti mmoja wa kivuli na kitu cha kumwagilia jioni, ni sehemu ya afya ya akili ya familia kama vile choo kilivyo sehemu ya afya ya tumbo. Na sisi wapangaji, wasomi na viongozi tumewanyang'anya watu wa Ugogo ua huo si mara moja bali mara tatu, kila mara kwa jina la maendeleo, na sasa tunashangaa kwamba watu wanalalamika kukosa usingizi.

Najua baadhi ya wasomaji wangu wataguna hapo. Bustani na akili wapi na wapi? Katika nchi yetu maradhi ya akili yana anwani moja tu, nayo iko hapa hapa Dodoma. Hospitali ya Mirembe, iliyojengwa miaka ya 1920, imetumikia taifa kwa karibu karne nzima, nasi tumeilipa kwa kuligeuza jina lake kuwa tusi. Mtu akiropoka barazani huambiwa ni wa Mirembe. Matokeo ya mzaha huo ni kwamba tunaitambua akili pale tu inapokuwa imekwisha kuvunjika. Kabla ya hapo, mtu aliyezama katika sonona huambiwa ni mvivu, na mwenye msongo wa mawazo huambiwa aende akaombewe. Kati ya uzima na Mirembe hatuoni kitu, ilhali hapo katikati ndipo wengi wetu tunapoishi, na ndipo ua wa nyumba unapofanya kazi yake.

Ushahidi upo. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha utafiti uliowahusu wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilazwa vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, na nusu nyingine walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kurudi nyumbani mapema kidogo na walihitaji dawa kali chache zaidi za kutuliza maumivu. Mwaka 2011, huko Uholanzi, watafiti waliwapa watu 30 wenye vishamba vya bustani kazi ya kuwachosha akili, kisha nusu wakaenda kupalilia kwa nusu saa na nusu wakakaa ndani kusoma. Homoni ya kotisoli, ambayo hupanda mtu anapokuwa na msongo, ilishuka kwa wote, lakini kwa wapaliliaji ilishuka zaidi. Ni kweli kwamba hao tayari walikuwa wapenzi wa bustani. Asiyependa jembe huenda asipate nafuu hiyo.

Utafiti unaonigusa kuliko yote, hata hivyo, ni wa jiji la Philadelphia, uliochapishwa mwaka 2018. Viwanja 541 vilivyotelekezwa viligawanywa kwa bahati nasibu katika mafungu matatu. Fungu moja lilipandwa nyasi na miti michache, likawekewa uzio mfupi wa mbao. Fungu la pili liliondolewa takataka tu. La tatu liliachwa kama lilivyo. Wakazi waliohojiwa kabla na baada walikuwa 442. Karibu na viwanja vilivyopandwa, waliosema wanajisikia wamezama katika huzuni walipungua kwa zaidi ya asilimia 40 wakilinganishwa na walioachiwa viwanja vyao kama vilivyo, na nafuu ilikuwa kubwa zaidi katika mitaa ya maskini. Na waliofagiliwa tu? Hakukuonekana mabadiliko ya maana. Naomba viongozi wa mitaa walisome tena jambo hilo, kwa sababu sera yetu ya mazingira ya mjini ni ufagio: uwanja uliofagiliwa hadi udongo ukang'aa tunauita mzuri, na jani lililoota pembeni tunaliita uchafu.

Wala tusidhani kwamba hekima hii ni ya kuagiza kutoka ng'ambo. Kule Lutindi, katika milima ya Usambara, hospitali ya wagonjwa wa akili iliyoanza mwaka 1905 imetumia kazi za mikono na za shamba kama sehemu ya tiba. Baada ya Uhuru, taifa letu changa lilianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya waliokuwa wakipata nafuu, mfano Vikuruti karibu na Dar es Salaam, kwa imani kwamba mtu anayepanda na kuvuna hurudi katika jamii haraka kuliko anayekaa kitandani akitazama dari. Tulilijua jambo hili. Tulilijua kwa wagonjwa, tukalisahau kwa wazima.

Sasa nirudi Mvumi, kama kilomita arobaini kusini-mashariki ya jiji, kwa kuwa historia ya ua wa Mgogo inasomeka vizuri pale.

Babu zetu waliishi katika tembe, nyumba ndefu ya miti na udongo yenye paa la bapa, imezunguka uwanja wa ndani ambamo ng'ombe walilala. Kaya zilitawanyika, kila moja na shamba lake karibu. Ardhi iliyozunguka tembe ndiyo iliyokuwa tajiri kwa samadi ya miaka mingi. Hapo ndipo palipolimwa mahindi, tumbaku na vibuyu, wakati uwele na mtama vilikwenda mbali zaidi. Wakati wa mvua mlenda uliota wenyewe kando ya nyumba, wanawake wakauchuma, wakauanika juu ya paa, wakauhifadhi kwa ajili ya kiangazi.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wataalamu wa Ulaya na Marekani. Wao huandika kwamba kijani hutuliza akili kwa sababu ni kizuri na hupumzisha macho. Inawezekana. Lakini katika nchi inayopata mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, nchi ambayo wazee wake walirithishana simulizi za Mtunya, njaa iliyowaua maelfu ya Wagogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kijani si pambo. Kijani ni habari. Jani bichi nyuma ya jiko huiambia akili ya mama kwamba leo watoto watakula. Mlenda mkavu kwenye kibuyu ni usingizi wa mwezi wa kumi. Anayetaka kuelewa kwa nini mama yangu alichoka kutazama pevingi aanzie hapo: macho yake yalikuwa yakitafuta habari, wala hayakuipata.

Ua huo uliondoka kwa mara ya kwanza mwaka 1970 na 1971, wakati wa Operesheni Dodoma. Mimi si katika wale wanaoitukana Ujamaa kwa mazoea. Shule na maji viliwafikia watu wengi kwa sababu ya vijiji vile. Lakini kaya zilizohamishwa na kupangwa kwa mistari ziliacha nyuma kitu ambacho hakuna lori lililoweza kukibeba, yaani udongo uliorutubishwa kwa vizazi. Mtu alipewa kiwanja kipya chenye vumbi jekundu, akaambiwa aanze. Katika mafaili hili halikuandikwa kama hasara, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na safu ya kuiandikia.

Mara ya pili ilikuwa 1986. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulioanza mwaka 1973 kwa msaada wa Sweden, ulikuwa umekwisha kuondoa mifugo katika eneo lililomomonyoka la Kondoa mwaka 1979. Mwaka 1986 zamu ikafika Mvumi. Korongo zilikuwa zinaila ardhi, hilo halina ubishi, na baada ya ng'ombe, mbuzi na kondoo kuondolewa, nyasi na vichaka vilirudi. Kwa mtu aliyetazama kutoka kwenye gari la mradi, Mvumi ilikuwa imeponywa. Lakini pamoja na ng'ombe iliondoka samadi, na pamoja na samadi ikadhoofu bustani ya nyumbani. Maziwa ya watoto yakaenda kuishi kwa jamaa wa mbali. Kijani kilikuwa kimerudi mlimani, na watu waliamriwa wakitazame kwa mbali.

Ninalisema hili kwa sababu ndilo kiini cha ugomvi wangu. Kijani kilichotoka kwa amri kinaweza kuokoa udongo, na udongo ni jambo kubwa, lakini kwa nafsi ya mtu aliyefukuzwa humo kinaweza kuwa jeraha. Linganisha na Kisiki Hai, kampeni ambayo taasisi ya LEAD Foundation imeiendesha mkoani Dodoma tangu 2018 ikishirikiana na Justdiggit ya Uholanzi, kwa mbinu ambayo Tony Rinaudo aliieneza nchini Niger katika miaka ya 1980. Mkulima hatafuti mche wa kununua. Anakwenda kwenye kisiki kilicho shambani mwake, ambacho mizizi yake bado ina uhai, anachagua machipukizi machache yaliyonyooka, anapogoa mengine, anafunga kitambaa kuwa alama, kisha analinda. Basi. Kitambaa kile kwangu ni jambo zito kuliko takwimu zote za upandaji miti, maana kinasema mti huu una mwenyewe. Mtu anayekipitia asubuhi akienda shamba hukisalimu kwa macho, na hapo kuna tiba ambayo hakuna bango linaloweza kuitoa.

Unyang'anyi wa tatu ndio tunaoishi nao sasa. Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma kwa dhati, mji uliokuwa na watu 410,956 katika sensa ya 2012 ulifika watu 765,179 katika sensa ya 2022. Viwanja vilipimwa kwa kasi, vikauzwa kwa kasi, vikajengwa kwa kasi. Kilichoanguka kwanza ni mbuyu, kikafuata kichaka, na mwisho ukaja ua wenyewe. Mwaka 2017 ilizinduliwa kampeni ya kuifanya Dodoma kuwa ya kijani, na nia yake ilikuwa njema. Mimi mwenyewe nimeshika mche katika siku za namna hiyo, nimevaa fulana iliyoandikwa, nimepigwa picha. Tatizo ni hesabu yake. Huhesabiwa miche iliyopandwa siku yenye wageni. Haihesabiwi iliyo hai baada ya kiangazi cha pili. Na hupandwa pale msafara unapopita, kando ya barabara na mbele ya ofisi, ndani ya uzio wenye kibao kisemacho usikanyage nyasi. Nyuma ya ofisi hiyo hiyo mtumishi wa daraja la chini anarudi katika vyumba viwili visivyo na hata kopo la mchicha.

Inasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba Mpango Mkuu wa mwaka 1976, ulioandaliwa na kampuni ya Kanada baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamisha makao makuu, uliwaza mji wa nyumba fupi na watembea kwa miguu, uliofuata vilima badala ya kuvisawazisha. Mwalimu hakutaka mnara juu ya uwanda wa vumbi. Tumefanya nini na wazo hilo? Tumejenga kuta.

Halafu kuna sheria. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu mkazi wa mji kulima eneo lisilozidi ekari tatu. Lakini sheria ndogo za halmashauri nyingi hupiga marufuku mazao marefu katika makazi, kwa hoja kwamba wezi na mbu hujificha ndani ya mahindi. Miaka kadhaa iliyopita, nikifundisha katika mji mwingine, niliwaona mgambo wakifyeka mahindi ya mjane aliyekuwa jirani yangu, yakiwa yameanza kutoa mbelewele. Walifanya kazi yao kwa adabu, hata walimwamkia. Yeye alikaa ndani siku tatu. Tulipomwendea alisema hasikitikii mahindi, maana gunia moja angelinunua; alisema tangu mumewe afariki yale mahindi ndiyo yaliyomfanya aamke. Hakuna fomu ya halmashauri yenye nafasi ya kuandika hasara hiyo.

Rafiki yangu mmoja, mchumi, ananiambia kwamba haya ni mashairi. Dodoma haina maji, anasema. Mji unategemea visima vya Makutupora, maji huja kwa mgao, nami nataka watu wamwagilie matembele. Hoja yake ni nzito kuliko anavyojua. Kule Mvumi, mwezi Septemba, bustani inaweza kuwa mateso ya ziada kwa mwanamke ambaye tayari amebeba madumu tangu alfajiri, na mimi sitaki mwanamume yeyote asome makala haya kisha amwamuru mkewe atulie akili kwa kuteka maji zaidi. Bustani isiyo na maji ni kazi ngumu tu. Lakini familia yenye watu watano huosha vyombo, mboga na mikono kila siku, na maji hayo humwagwa juu ya pevingi yakakauka kabla hayajafika mfereji. Kiroba cha mchicha hakihitaji zaidi ya hayo, maadamu hayana mafuta wala sabuni nyingi. Mwarobaini ukishashika mizizi hauombi mtu maji. Chupa kuukuu iliyotobolewa tundu dogo na kufukiwa karibu na mche hudondosha maji siku nzima. Rafiki yangu huyu, niongeze, huosha gari lake kila Jumamosi kwa mpira.

Wengine husema kijani huleta nyoka. Nyoka huletwa na panya, na panya huletwa na takataka. Tuendelee.

Kuna pingamizi moja ambalo sitalipuuza. Mtu mwenye maradhi makali ya akili hahitaji kuambiwa apande maua. Anahitaji daktari, dawa na jamii isiyomcheka. Anayetumia bustani kama kisingizio cha kutotenga fedha kwa ajili ya huduma za akili vijijini ni adui wa hoja yangu, hata akiipigia makofi. Ninachodai ni kwa ajili ya wale ambao bado hawajafika hospitali na wasingepaswa kufika.

Nadai kibali cha ujenzi kitamke kwamba sehemu fulani ya kila kiwanja ibaki udongo, kama kinavyotamka umbali wa shimo la choo. Marufuku ya mazao marefu iondolewe ndani ya ua wa mtu, kwa kuwa mwizi hajifichi jikoni kwa mama. Mhandisi anayeleta ripoti ya miti atuletee miti iliyo hai, na asilipwe kwa iliyokufa. Kila zahanati na kituo cha afya, kuanzia Mvumi hadi Mpwapwa, kiwe na bustani ambayo mgonjwa na ndugu anayemuuguza wanaruhusiwa kuishika, si kuitazama kupitia seng'enge. Na wapangaji, ambao ndio wengi wetu mjini, wapate haki ya kupanda bila kuomba radhi.

Hili la mwisho nalidai kwa maslahi binafsi, nakiri. Mwezi Novemba, kabla ya mvua, nilimpigia simu mwenye nyumba wangu kumwomba nifumue mistari michache ya pevingi kando ya ukuta wa mashariki. Alidhani bomba limepasuka. Nilipomweleza kwamba nataka kupanda matembele alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama nyumbani kwangu kuna amani. Tulielewana hatimaye, kwa sharti kwamba nikihama nivirudishe vitofali mahali pake. Nimevipanga nyuma ya choo, viko 216. Matembele yameshika. Mama amepiga simu mara mbili kuuliza kama udongo umepoa vya kutosha kuleta vifaranga.